Saa ya Mfalme na Saa ya Mlimani

Jiwe la ukumbusho lilikwisha kuletwa. Lilikuwa limelazwa kwenye njia panda ya Gortnalicka chini ya magunia, likisubiri majina. Majina yalikuwa tisa, na Gobnait Cotter alitaka yawe kumi.

Hakutaka kitu kingine chochote mwaka ule wa 1936. Kaka yake Fachtna alikufa Aprili ya mwaka wa ishirini na moja, akiwa askari wa kombania ya Gortnalicka katika Jeshi la Jamhuri lililopigana kuwatoa Waingereza nchini. Alilala siku tatu matopeni pamoja na wenzake, bunduki mkononi, mvua ya theluji ikimpiga mgongoni, wakilingojea lori la askari wa Kiingereza pale daraja la Carrigbawn. Lori hawakuliona. Fachtna akarudi nyumbani na kichomi, akalala kitandani siku sita, ya saba akazikwa.

Kufia kitandani ndiko kulikomponza. Wale tisa walikufa kwa risasi, na aliyekufa kwa risasi hana haja ya mtu wa kumsemea. Kwa yeyote mwingine, kamati ya jiwe iliweka sharti: maofisa wawili wa kombania watie sahihi kwenye maelezo mamoja, waseme marehemu alikuwa katika kazi gani ya kijeshi na kifo kilimpataje. Maelezo hayo yatasomwa mbele ya parokia nzima siku ya kuzindua jiwe, Jumapili ya Pentekoste, kisha yatapelekwa Dublin, mji mkuu, yahifadhiwe pamoja na historia ya Jeshi.

Maofisa waliobaki hai walikuwa wawili tu, Kapteni Murt Lucey na Luteni Con Herlihy, na hao walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na minne. Waingereza walipokubali kuondoka kwa Mkataba uliobakiza kiapo kwa mfalme wao, Murt alisema tuupokee, Con akasema tuutupe motoni, wakaigawa kombania nusu kwa nusu kama watu wanaogawana shamba la urithi, wakapigana risasi miezi kumi. Baada ya hapo Murt akapewa umeneja wa kiwanda cha maziwa. Con akabaki na ng'ombe wake saba mlimani, na kila siku alipeleka maziwa yake Kilvarna kwa punda, maili saba kwenda na maili saba kurudi, ilhali kiwanda cha Murt kilikuwa maili moja na nusu kutoka mlangoni kwake. Hakuna mbunge aliyeijua gharama ya Mkataba kuliko punda yule.

Fundi wa kuchonga angeanza kazi Jumatatu. Ijumaa asubuhi Gobnait akapanda baiskeli kwenda kiwandani.

Alimkuta Murt amesimama kwenye jukwaa la kupokelea maziwa, mikono kiunoni, akimrudisha mzee mmoja aliyekuja na gari la farasi na madebe manne.

"Nimefunga saa tatu," alisema Murt.

"Kwangu ni saa mbili na robo, Murt."

"Kwako wapi? Una jamhuri yako peke yako? Serikali moja, saa moja. Kesho wahi."

"Jua halijawahi kupokea amri ya serikali," mzee akanung'unika, akageuza farasi.

Gobnait aliyasikia yote. Akamfuata Murt mpaka ofisini. Murt alikuwa amenenepa, shingo imemwagikia kwenye kola, lakini macho yalikuwa yale yale ya kapteni wa miaka thelathini aliyekuwa akiwakagua vijana wake nyuma ya zizi.

"Keti, Gobnait. Mama hajambo?"

"Ana miaka sabini na minane. Anataka kuliona jina la mwanawe kabla hajafa. Nimekuja kwa hilo tu."

"Fachtna alikuwa kijana mzuri sana."

"Basi andika hivyo, utie sahihi."

Murt akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokwisha andikwa. "Unadhani nimekaa bure? Nimeandika tangu Jumatano. Soma."

Akasoma. Maandishi yalikuwa mazuri, ya karani. Kombania ilipata habari kwamba lori la adui litapita daraja la Carrigbawn saa mbili asubuhi, kila siku wiki ile. Kombania ikaweka mtego. Kwa sababu mjumbe, ambaye alikuwa msichana, alikosea saa, lori lilikuwa limekwisha pita kila siku kabla ya askari kufika. Askari Fachtna Cotter aliugua kutokana na baridi ya siku hizo tatu, akafa. Chini palikuwa na sahihi ya Murt, na chini ya sahihi palikuwa pameachwa nafasi mbili.

"Nafasi moja ya yule mwenye punda," alisema Murt. "Nyingine yako. Sitaki watu waseme namsingizia mwanamke nyuma ya mgongo wake."

Mjumbe alikuwa yeye.

Alikuwa na miaka ishirini, karani wa posta mjini, na askari wa Kiingereza walizungumza mbele yake kana kwamba ni meza. Alisikia habari za lori, akaandika kikaratasi, akakichomeka ndani ya mkate, mkate ukapanda mlimani. Aliandika saa mbili. Hakudanganya hata nukta. Lakini Jumapili ile tu Waingereza walikuwa wamesogeza saa mbele, kama walivyofanya kila majira ya joto tangu vita vya Ujerumani, na posta na reli vilifuata. Mlimani hawakufuata. Mlimani walisema saa ya Mungu haisogezwi na bunge la London, na Kapteni Murt Lucey aliapa mbele ya kombania yake kwamba hakuna saa ya askari wake itakayoguswa. Kwa hiyo saa mbili ya posta ilikuwa saa moja ya mlimani. Kila asubuhi kombania ilifika darajani saa moja na nusu kwa saa yao, ikajilaza, ikangojea lori lililokuwa limepita nusu saa nzima kabla yao. Wakadhani limechelewa. Wakalingoja mpaka jioni.

Gobnait aliifahamu hesabu hiyo wiki moja baada ya mazishi, akiwa amesimama mbele ya saa ya posta na muhuri mkononi. Hakumwambia mtu. Mama yake hakuwahi kujua kilichokuwa ndani ya mkate.

"Sikukosea saa, Murt."

"Hukusema ni saa ya nani."

"Na wewe hukuuliza."

"Mjumbe ndiye anayesema, kapteni ndiye anayesikiliza. Ndivyo jeshi linavyokwenda." Akalainisha sauti. "Nani atakulaumu? Ulikuwa msichana. Watasikia mara moja, watasahau. Jina lake litabaki kwenye jiwe miaka mia mbili."

"Mama yangu atakuwa benchi la mbele. Huyo hatasahau."

"Basi mkalishe benchi la nyuma," alisema Murt, akamfungulia mlango.

Gobnait aliichukua karatasi. Njia nzima alikanyaga pedali kama mtu anayemkanyaga nyoka.

Jumamosi alipanda kwa Con Herlihy. Con alikuwa bado hajamaliza kukamua, maana nyumbani kwake saa ilikuwa nyuma kama zamani. Alikuwa mwembamba kama mpini, na aliongea bila kutoa paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Umewahi."

"Nimefika saa niliyokutumia habari."

"Ya chini huko, labda."

"Con, usinianze leo. Soma hii."

Akajifuta mikono kwenye suruali, akasoma akiwa amesimama mlangoni pa zizi, midomo ikicheza. Alipofika kwenye sahihi ya Murt, aliikunja karatasi ili isionekane.

"Sitii sahihi."

"Kwa sababu ya jina lake?"

"Hilo la kwanza. La pili, ni uongo."

"Nusu yake ni kweli. Sikusema saa ya nani."

"Haikuhitajika useme." Con akamgeukia ng'ombe, akampigapiga mgongo, kana kwamba ng'ombe ndiye aliyetaka kutulizwa. "Tulijua."

Gobnait hakuelewa. "Mlijua nini?"

"Siku ya kwanza, mchana. Fachtna alitambaa kutoka mwisho wa mstari mpaka kwa Murt. Mimi nililala kati yao. Akasema, 'Kapteni, dada yangu yuko posta, na posta inakwenda kwa saa ya mfalme. Lori limeshapita. Zile alama za matairi pale, tulipofika maji yalikuwa hayajazijaza.' Tuliziona wote zile alama. Murt akasema ni gari la mikate. Kisha akasema kombania yake haiamki kwa saa ya mfalme, na kama Fachtna anaipenda saa hiyo, aende kambini kwa Waingereza akaombe na sare yao."

"Akasemaje?"

"Alitambaa kurudi mahali pake. Watu walicheka."

"Na wewe?"

Con akaacha kumpigapiga ng'ombe. Maziwa yalidondoka kutoka kwenye kiwele, tone moja moja, kwenye majani.

"Nilicheka kuliko wote," alisema. "Wakati ule Murt alikuwa kapteni wangu. Nilimpenda kama ndugu."

"Fachtna akarudi siku ya pili."

"Na ya tatu. Aliamriwa. Akilala chini anakohoa kwenye mkono wa koti asitusumbue."

Gobnait akashika komeo la mlango. Fachtna alirudi nyumbani jioni ile ya kwanza, akaketi naye mezani, akala viazi na maziwa ya mgando, na hakumwambia neno. Alijua dada yake angejiona mkosaji. Au alijua angekwenda kwa Murt kumpigia kelele, naye aone haya mbele ya wenzake. Sasa nani wa kumuuliza?

"Miaka kumi na mitano, Con," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Jumapili zote hizo kanisani. Unasimama nje ya mlango, napita, unanigusia kofia. Unajua nimebeba nini?"

"Sikujua kama umebeba."

"Ungeuliza."

"Ningeulizaje, mimi niliyecheka?"

"Kwa mdomo ule ule."

Con aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na karatasi ya daftari, na juu yake maelezo mafupi yaliyonyooka: saa iliyoletwa na mjumbe ilikuwa sahihi, askari Cotter alimwambia kapteni, kapteni alikataa, luteni hakusema kitu. Alikuwa ametia sahihi yake, ameikoleza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Njoo kesho uyaseme mwenyewe," alisema Gobnait. "Kamati inakaa baada ya misa. Karatasi hii mikononi mwangu tu wataifanyia mzaha."

"Nitakuja."

"Saa sita. Saa ya chini."

"Nimesikia. Saa ya chini."

Na kweli alikuja. Jumapili ile mvua ilikuwa nyepesi. Gobnait alimwona Con kwa mbali akishuka na suti yake nyeusi, saa sita kasoro tano kwa saa ya serikali, na kwa mara ya kwanza wiki ile alipumua vizuri. Akaingia ukumbini mbele yake.

Kamati ilikuwa ya wanaume saba nyuma ya meza ndefu. Katibu alikuwa Mwalimu Ahern, aliyejiunga na Jeshi siku nne baada ya vita kusimamishwa, na ambaye tangu hapo hapakuwa na mtu aliyezijua kanuni za Jeshi kumzidi. Murt aliketi kulia kwake.

Gobnait akaweka karatasi ya Con mezani. Mwalimu Ahern akaisoma, masikio yakamwiva, akaisukuma kwa Murt. Murt akaisoma bila haraka, akaikunja mara mbili.

"Hii siitii sahihi," alisema.

"Ni uongo?"

"Ni maneno ya mtu aliyenirushia risasi mwaka wa ishirini na mbili."

"Sijauliza alikurushia nini. Fachtna alikwambia, au hakukwambia?"

Murt akatazama dirisha. "Watu husema mengi wakiwa na baridi."

"Kwa utaratibu," Mwalimu Ahern akaingilia, "maelezo ni mamoja na sahihi ni mbili. Hapa tuna maelezo mawili, kila moja na sahihi moja. Mikono ya kamati imefungwa, Bi Cotter."

"Con yuko nje. Ataeleza."

"Aingie basi. Mlango uko wazi."

Con hakuwa ameingia. Gobnait akatoka, akamkuta amesimama langoni, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia.

"Unangoja nini? Wanakuita."

"Nimemwona mezani."

"Ulitegemea awe wapi, juu ya paa?"

"Niliapa, Gobnait. Usiku watu wake waliponikamata niliapa sitakaa chini ya dari moja na Murt Lucey maadamu ana pumzi. Mwambie atoke yeye. Nitasema hapa hapa barabarani."

"Hatatoka, na unajua hatatoka. Ni hatua ishirini, Con. Ingia, sema maneno matano, ondoka. Usikae, simama."

"Kusimama pia ni kuwa chini ya dari."

Alimtazama. Alitafuta usoni mwa mtu yule mzaha, aibu, chochote, akaona kidevu tu kimeinuliwa. Akakumbuka kidevu kama hicho cha Murt juu ya shingo nene, kiwandani, siku ya Ijumaa. Wawili hawa walifikiri Mkataba ndio uliowatenga. Hakuna kilichowatenga. Walikuwa kitu kimoja.

"Aliyekohoa ndani ya mkono wa koti asiwasumbue," alisema, "huyo ndiye uliyemletea kiapo."

Con akafumba macho. Miguu haikusogea.

Aliporudi ndani, karatasi ya Murt ilikuwa imelazwa mezani upande wake, na kalamu juu yake.

"Kamati imeshauriana," alisema Mwalimu Ahern, kwa upole wa mtu anayetoa zawadi. "Kwa kuwa Luteni amekataa kufika, tutaikubali sahihi ya mjumbe mahali pake. Tia hapa, na kesho asubuhi fundi anaanza na jina la kaka yako."

"Ondoeni maneno matatu. 'Mjumbe alikosea saa.' Andikeni tu lori halikuonekana, nitatia sasa hivi."

"Wataniuliza kwa nini halikuonekana," alisema Murt.

"Uwajibu basi."

"Nikiwajibu, kesho kutwa kila mlevi wa wilaya hii atakuwa ananiuliza saa ngapi. Watoto watanifuata barabarani. Nimeongoza vita hapa, Gobnait. Nilizika tisa."

"Kumi."

Murt akainamisha kichwa, na kwa kitambo kidogo Gobnait alidhani ameshinda. Kisha Murt akaisogeza kalamu karibu naye kwa ncha ya kidole.

Aliishika. Ilikuwa nyepesi. Jina la Fachtna lilikuwa umbali wa mkono wake mwenyewe, na mkono ulijua kuandika; ulikuwa umepiga mihuri na kutia sahihi miaka kumi na mitano bila kutetemeka. Angetia sahihi ya kosa lake mwenyewe, kimya chake, kutouliza kwake, lolote, na asione haya. Lakini Pentekoste Mwalimu Ahern angesimama juu ya jukwaa na sauti yake ya darasani, na bibi kizee mwenye shali nyeusi, benchi la mbele, angesikia kwamba binti yake alimuua mwanawe kwa kikaratasi. Na angesikia kwamba mwanawe alilala pale siku tatu kama mjinga, hajui analongojea limeshapita. Fachtna alijua. Ndani ya kombania nzima yeye peke yake ndiye aliyejua saa, akaambiwa rudi ulale, akarudi akalala.

Akaiweka kalamu chini.

"Basi chongeni tisa," alisema, akaichukua karatasi ya Con, akatoka. Langoni hapakuwa na mtu.

Nyumbani mama yake, Bibi Hanora, alikuwa kando ya moto wa mboji iliyokaushwa, viatu vikavu miguuni, kamba hazijafungwa kwa sababu vidole vilikuwa vimepinda. Hakungoja binti yake avue koti.

"Wamemkubali?"

"Hapana, mama."

Bibi Hanora akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa alichokwisha kukijua. "Kwa sababu alifia kitandani."

Hapo palikuwa pa kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na mama angelia kidogo, na wangekunywa chai. Gobnait alivuta kiti, akaketi magoti yakigusana na ya mama yake.

"Siyo kwa sababu hiyo," alisema. "Mama, mkate ule wa mwaka wa ishirini na moja ulikuwa na barua ndani. Niliiandika mimi."

Akasimulia yote, bila kujificha wala kumficha mtu: saa ya posta, saa ya mlimani, alama za matairi, kicheko. Alisoma na karatasi ya Con mpaka mwisho. Mama yake alisikiliza akitazama moto, mikono mapajani.

"Alijua tangu siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza, mchana."

"Akamwambia Murt."

"Akamwambia."

"Murt Lucey alikuja hapa kwenye msiba," alisema mama yake. "Alikaa kiti hicho ulichokalia. Alikula." Akaweka mkono kwenye ukuta, akaanza kujiinua. "Nipe koti langu."

"Mama, mvua inanyesha. Mpaka kwa Murt ni maili moja na nusu."

"Naijua."

"Utamwambia nini?"

"Nitajua nikifika."

Gobnait alisimama katikati ya jikoni, hajui amzuie au amwache. Bibi kizee alikuwa amekwisha fika msumarini, anahangaika na koti kwa vidole visivyokunjuka, hasira ikimtetemesha kuliko uzee. Gobnait akalishusha koti, akamvika. Kisha akapiga magoti sakafuni, akaanza kumfunga mama yake kamba za viatu.